Mwongozo Kamili wa Kurekodi Podikasti ya Uchambuzi wa Muziki Arusha na Moshi

Podikasti nyingi za uchambuzi wa muziki zinazoanzishwa Arusha na Moshi hukwama palepale. Sauti inatoka kama watu wamekaa bafuni. Wachambuzi wanatumia dakika arobaini kukubaliana kwamba ngoma ni kali, bila kusema ukali wenyewe umekaa wapi. Na kile kipindi kimoja kilichotoka vizuri kinashushwa mtandaoni kwa sababu nyimbo zilipigwa mwanzo hadi mwisho.

Makosa haya matatu yana mzizi mmoja: msikilizaji hasikii kile anachoonyeshwa. Mchambuzi anasifia solo ya gitaa, lakini msikilizaji hajui ni dakika ya ngapi, au maneno yenyewe yamemezwa na mwangwi. Hatua zifuatazo zinaondoa tatizo hilo, iwe mnazungumzia roki, bongo fleva, hip hop au dansi.

Mwongozo unahusu meza ya watu watatu: mwendeshaji na wachambuzi wawili. Wanne wanawezekana, ila msikilizaji atachelewa kuzizoea sauti zao.

## Vitu vya kuandaa

- Maiki tatu za dainamiki, mfano Shure SM58 au ya aina hiyo. Maiki ya kondensa inanasa mno: itachukua jogoo wa jirani, friji ya jikoni na bodaboda inayopanda kilima. Ya dainamiki inasikia zaidi kilicho karibu na mdomo.
- Nyaya tatu za XLR (zile za maiki zenye pini tatu), stendi tatu na sponji za kuvika maiki.
- Rekoda au kadi ya sauti yenye matundu matatu ya XLR au zaidi. Hapa wengi hupoteza fedha. Focusrite Scarlett 2i2 ni nzuri, lakini ina matundu mawili tu; mtu wa tatu hana pa kuchomeka. Zoom H6 ina manne.
- Hedifoni tatu zinazofunika sikio lote, na kigawanyaji cha kuziunganisha pamoja.
- Memori kadi ya GB 32. Traki moja ya WAV yenye kHz 48 na biti 24 inakula takriban MB 520 kwa saa, hivyo traki tatu ni kama GB 1.6.
- Laptopu yenye programu ya kuhariri sauti: Audacity, ambayo ni ya bure, au Reaper.
- Betri mpya za rekoda, au UPS. Umeme ukikatika rekoda ikiwa inategemea soketi ya ukutani peke yake, faili linaweza lisifunguke tena.
- Mablanketi mazito sita hadi nane, zulia, kamba na vibanio vya nguo.
- Daftari na kalamu kwa kila mmoja.

Bajeti ikibana, tumieni simu tatu, kila moja na maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Kila simu inarekodi mtu wake. Pigeni kofi moja mwanzoni na jingine mwishoni. Kofi la kwanza linawasaidia kuzipanga traki sambamba wakati wa kuhariri, na la mwisho linaonyesha kama simu moja imeachwa nyuma. Saa za simu hazitembei sawa kabisa, na kwa kipindi cha saa nzima tofauti inaweza kusikika.

## Hatua ya 1: Wimbo mmoja au albamu moja, na swali moja

"Leo tunazungumzia roki" si mada. Mtazunguka dakika hamsini na hakuna atakayekumbuka mlichosema. Chagueni kazi moja, kisha muiulize swali ambalo jibu lake linapatikana ndani ya muziki wenyewe.

Mifano inayofanya kazi:

- Wimbo usio na kiitikio kinachorudi unakumbukwaje na watu wengi hivi? (Queen, "Bohemian Rhapsody", 1975.)
- X Plastaz wa Arusha walipochanganya uimbaji wa Kimaasai na kuchana katika albamu ya mwaka 2004, ni kipi kilichobeba wimbo: mdundo au ile sauti ya kuitikia?
- Gitaa lenye mkwaruzo la Zamrock, roki ya Zambia ya miaka ya 1970 iliyopigwa na bendi kama WITCH, linakutana wapi na magitaa ya dansi letu?

Mmefanikiwa katika hatua hii kama wachambuzi wawili wanaweza kulijibu swali tofauti bila mmoja wao kuwa mjinga.

## Hatua ya 2: Sikilizeni mara nne, kila mtu peke yake

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayotenganisha mchambuzi na shabiki. Ipeni siku tatu kabla ya kurekodi.

Mara ya kwanza usiandike kitu. Sikiliza tu, ujue ulisisimka wapi na ulichoka wapi.

Mara ya pili chora ramani. Andika dakika na sekunde kila wimbo unapogeuka. Ramani ya "Bohemian Rhapsody", kwa toleo la albamu lenye dakika 5 na sekunde 55, inakuwa hivi:

- 0:00 – sauti za kuimba kwa pamoja, hakuna ngoma
- 0:49 – piano na beti za taratibu
- 2:37 – solo ya gitaa ya Brian May
- 3:05 – sehemu ya opera
- 4:07 – roki yenyewe, magitaa mazito
- 4:54 – kushuka hadi mwisho

Tazama ramani hiyo kabla ya kusema lolote. Hakuna kiitikio kinachorudi. Solo ina sekunde 28 tu, na kazi yake ni kuvusha wimbo kutoka huzuni ya piano kwenda kwenye opera. Roki, ambayo watu wengi ndiyo wanayoikumbuka, haifiki hadi dakika ya nne imepita, na inakaa chini ya dakika moja. Msikilizaji wa dansi anaelewa mara moja: ni kama kusubiri chemko. Wimbo unakuweka na uimbaji wa taratibu hadi magitaa yanapofunguka na watu kuinuka vitini. Tofauti ni kwamba chemko la dansi likianza linakaa, wakati hapa linakatwa mapema. Hiyo tayari ni hoja, na imetoka kwenye daftari.

Mara ya tatu fuata chombo kimoja tu, kwa mfano besi au ngoma. Utashangaa besi inavyobadilisha maana ya sauti iliyo juu yake.

Mara ya nne vaa hedifoni, usikilize utengenezaji: nani yuko kushoto, nani kulia, nani yuko mbali na nani ananong'ona sikioni. Katika opera ya dakika ya 3:05 lile kundi kubwa la waimbaji ni watu watatu tu, Freddie Mercury, Brian May na Roger Taylor, waliorekodiwa tena na tena kwenye mkanda wa traki 24. Ukishajua hivyo unaanza kusikia sauti zilezile zikijirudia kwa tabaka.

Kisha andika hoja zako tano, kila moja na dakika yake. Hoja isiyo na dakika ifute. Linganisha:

*Dhaifu:* "Lile solo limesimama sana, jamaa ni noma."

*Imara:* "Dakika ya 2:37 gitaa linapokea pale sauti inapoishia, na halirudii melodi ya beti. Linaimba yake mpya, kama mwimbaji wa pili amepanda jukwaani."

Tahadhari ya matoleo. Wimbo mmoja una toleo la albamu, la redio, la video na lililosafishwa upya, na dakika hazilingani. Video nyingi zina utangulizi kabla muziki haujaanza. Kubalianeni toleo moja, muandike jina la albamu na mwaka juu ya kila ramani.

Tahadhari ya tarehe na majina. Kosa dogo la ukweli linaua imani ya msikilizaji katika hoja kubwa. Mfano wa karibu nasi: Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Kusema alizaliwa Tanzania ni kukosea, kwa sababu Muungano ulikuja mwaka 1964. Na kwenye bongo fleva, tofautisheni aliyeandika mistari, aliyetengeneza biti na aliyechanganya sauti. Ni kazi tatu, mara nyingi za watu watatu.

## Hatua ya 3: Karatasi moja, si hotuba

Mwendeshaji aandike ukurasa mmoja: swali, ramani ya wimbo, hoja mbili za kila mchambuzi, na mahali wanapopingana. Mahali hapo pa kupingana pawe katikati ya kipindi. Pakiwa mwanzoni hakuna atakayeelewa ugomvi, na pakiwa mwishoni wengi watakuwa wameshaondoka.

Msisome sentensi nzima. Mtu anayesoma hushusha sauti mwisho wa mstari, na msikilizaji anamgundua mara moja.

Jambo dogo lenye athari kubwa: itaneni majina. Meza nzima ikiitana "kaka", "mwanangu" na "aisee", msikilizaji asiyewaona hajui nani anamjibu nani. Katika dakika kumi za mwanzo mwendeshaji ataje jina kila anapompa mtu nafasi. Kama kuna mgeni mtu mzima, mpiga gitaa wa bendi za zamani labda, "Mzee" likifuatiwa na jina linampa heshima yake na linamtambulisha pia.

## Hatua ya 4: Chumba

Maiki ya bei kubwa kwenye chumba kibaya inatoa sauti mbaya. Nyumba zetu nyingi za siku hizi zina vigae chini, jipsamu juu na vioo pembeni, na vyote hivyo vinarudisha sauti.

Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio wa "tiiing" unaofuata nyuma yake, huo ndio utakaokuwa mkia wa kila neno. Chumba cha kulala chenye godoro, kabati la nguo na pazia zito karibu kila mara kinashinda sebule.

Tandika zulia. Funga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, sentimita 10 hadi 20 mbele ya ukuta wenyewe, kisha utundike mablanketi kwa vibanio. Ile nafasi nyuma ya blanketi inalisaidia kunyonya sauti za chini kidogo. Anza na ukuta ulio nyuma ya kila mzungumzaji na ule anaoutazama. Mablanketi ya mtumba yanafaa kabisa. Kwa watu wa Moshi, Soko la Memorial ni pa kuanzia. Shuka ya Kimaasai ni nyepesi kwa kazi hii mpaka uikunje mara nne.

Trei za mayai hazisaidii. Hazizuii kelele za nje, na zinanyonya kidogo tu sauti za juu huku mvumo wa chini ukibaki. Godoro moja lililosimamishwa ukutani linafanya kazi zaidi ya ukuta mzima wa trei.

Kelele za nje hamwezi kuzizuia kwa blanketi. Zikwepeni kwa saa. Chumba kilicho kando ya barabara ya Namanga pale Sakina kitakuwa na vifodi (daladala) vikiita abiria mchana kutwa. Adhana ya adhuhuri huingia kati ya saa sita na robo na saa saba. Jumapili asubuhi kuna spika za makanisa. Kaeni chumbani kimya dakika tano, siku na saa mnayotaka kurekodi, muandike kila mnachosikia. Zimeni friji, na ufunguo wa gari mtakaloondokea uwekwe ndani ya friji hiyo, ili msiondoke bila kuiwasha tena.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni adui wa paa la bati. Mvua ikianza, acheni kurekodi. Hakuna programu itakayoitoa mvua ya batini bila kuharibu sauti ya mtu.

Mmefanikiwa kama kofi linakatika papo hapo, kama limepigwa ndani ya kabati la nguo.

## Hatua ya 5: Kupanga maiki

Kaeni pembetatu, mkitazamana. Mdomo uwe sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maiki, takriban upana wa kiganja na kidogo zaidi. Maiki ikae pembeni kidogo ya mdomo, ikiuelekea kwa mshazari, ili pumzi ya herufi "p" na "b" ipite kando. Jipime kwa kusema "papo kwa papo, patapotea". Ukisikia mipigo ya "bup" kwenye hedifoni, sogeza maiki pembeni zaidi.

Umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa mdomo na maiki. Ukizungumza kwa sentimita 12, jirani asiwe chini ya sentimita 36. Mita moja ni bora. Sababu: sauti yako ikiingia kwenye maiki ya jirani inafika ikiwa imechelewa kidogo, na zikichanganywa unasikika kama uko ndani ya kopo. Mgongo wa maiki uelekee dirishani, maana upande huo ndio usiosikia vizuri.

Umeme wa volti 48 kwenye kadi ya sauti uzimwe. Maiki za dainamiki hazihitaji.

Sasa kiwango. Usimpime mtu kwa "moja, mbili, moja, mbili". Mwambie acheke na abishe kama atakavyobisha kipindi kikipamba moto. Kilele cha sauti yake kigonge karibu na desibeli -12, na kicheko kisivuke -6. Sauti iliyogonga sifuri imepasuka, na haiponi. Iliyorekodiwa chini kidogo inapandishwa baadaye bila shida.

## Hatua ya 6: Kurekodi

Simu zote ziwe hali ya ndegeni, si kimya tu. Simu inayotafuta mtandao karibu na waya inaingiza ule mlio wa "di-di-dit" kwenye rekodi.

Mkisikia mvumo mzito usiokoma, chomoeni chaja ya laptopu kwanza. Mara nyingi ndiyo mkosaji.

Rekodini sekunde 30 za kimya cha chumba. Zitawasaidia kuondoa mvumo na kuziba mapengo wakati wa kuhariri. Kisha semeni jina la kipindi na tarehe, muanze.

Kama mnahitaji kusikia kipande cha wimbo, kisikilizeni kwa hedifoni. Kamwe msikipige kwa spika chumbani. Wimbo ukishaingia kwenye maiki tatu huwezi kuutoa tena, na kila neno lililosemwa juu yake limefungwa nao.

Mtu akikosea mwaka au jina, anyamaze sekunde tatu, apige kofi moja, arudie sentensi tangu mwanzo. Kofi linaonekana kama mshale kwenye picha ya sauti, hivyo mhariri hatafuti. Asirudie kuanzia katikati ya sentensi, kiimbo hakitalingana.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya mwendeshaji: kila "kali sana" ikitoka, aulize "dakika ya ngapi?" Aulize kwa upole, lakini asiache hata moja ipite.

## Hatua ya 7: Nyimbo za watu

Ile imani kwamba sekunde 15 au 30 ni bure haina msingi. Hakuna idadi ya sekunde iliyoruhusiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua kunukuu kwa kiasi cha haki, chanzo na mwenye kazi wakitajwa, lakini mitambo ya YouTube na Spotify inatambua wimbo kwa alama zake za sauti na haisomi nia yenu.

Kumbukeni kila rekodi ina haki mbili: ya utunzi na ya rekodi yenyewe. Kibali cha mwimbaji peke yake hakitoshi kama rekodi ni mali ya studio.

Njia salama, kwa mpangilio wa ubora:

1. Msipige wimbo. Tajeni toleo na dakika, msikilizaji aufungue mwenyewe. Ndiyo maana ramani ya hatua ya 2 ni muhimu hivi.
2. Onyesheni kwa chombo chenu. Mpangilio wa kodi nne (chords, yaani noti zinazopigwa pamoja) kwenye gitaa la kawaida unaeleza mengi, na kodi hazina mwenyewe. Melodi kamili ya mtu ni habari nyingine.
3. Kwa wasanii wa karibu, wa Ngarenaro, Kaloleni au Majengo ya Moshi, ombeni kibali cha maandishi. Kitaje wimbo, kipindi, sekunde zitakazotumika, majukwaa, na kisainiwe na mtunzi pamoja na mwenye rekodi. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndipo pa kuulizia haki za kazi za ndani.

Kabla ya kurusha kipindi cha kwanza, ulizieni ofisi ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) Kanda ya Kaskazini, iliyopo Arusha, kama podikasti yenu inahitaji leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu 2018, kwa hiyo jibu alilopewa mwenzenu miaka mitatu iliyopita lisiwatoshe.

Chambueni kazi, si maisha ya mtu. Kusema mchano umelegea dakika ya pili ni uchambuzi. Kusema kwa nini ndoa yake imevunjika ni kesi.

## Hatua ya 8: Kuhariri

Nakilini faili za asili mahali pawili kwanza. Kisha fuateni mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inaathiri inayofuata:

1. Kateni makosa na marudio. Acheni pumzi na vicheko vya kweli.
2. Ondoeni sauti zilizo chini ya hezi 80. Humo kuna mtikisiko wa meza na magari, na sehemu ya mvumo wa umeme wetu wa hezi 50.
3. Punguzeni kelele kwa kutumia zile sekunde 30 za kimya, desibeli 6 hadi 9, zisizidi. Mkizidisha, sauti inakuwa ya majimaji.
4. Kompresa ya uwiano wa 3 kwa 1, ili mnong'ono na ukelele vikaribiane.
5. Sawazisheni ukubwa wa sauti kuwa LUFS -16 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Audacity inaanza na -23, na wengi huiacha hivyo kisha wanashangaa kipindi chao kiko chini kuliko vya wenzao. Kama faili ni mono, wekeni alama kwenye chaguo la kuichukulia mono kama spika mbili.
6. Kilele cha mwisho kisivuke desibeli -1.

Kwa mazungumzo matupu toeni MP3 ya mono, kbps 64. Dakika 45 zitakuwa takriban MB 22, na msikilizaji wa bando dogo atawashukuru. Kama mna vipande vyenye kibali na hoja yenu inahusu kushoto na kulia, toeni stereo ya kbps 128; itafika MB 43.

## Hatua ya 9: Maelezo na jaribio la mwisho

Kwenye maelezo ya kipindi andikeni wimbo, albamu, mwaka, toleo, na ramani ya dakika kama ilivyo kwenye daftari.

Kabla ya kubonyeza kurusha, mtu mmoja apande kifodi na kipindi kikiwa kwenye simu, asikilize kwa earphone ya kawaida, sikio moja tu, huku konda akiita na dirisha likiwa wazi. Akilazimika kuongeza sauti kwa mmoja na kuipunguza kwa mwingine, rudini hatua ya 8 namba 4. Asipoelewa ni sehemu gani ya wimbo inayobishaniwa, tatizo liko hatua ya 2, na hapo itabidi mrekodi upya.